Kuondoa, Kurejesha na Kukisia: Vumbi na Mikwaruzo katika Kuskani Slaidi za Zamani za Filamu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna vumbi na mikwaruzo vinavyoshughulikiwa pale slaidi za zamani zinaposkaniwa ili kupata picha za kidijitali. Hoja kuu ni kwamba kazi inayoitwa kwa jina moja la "kusafisha" ina ndani yake vitendo vitatu tofauti: kuondoa uchafu ulio juu ya slaidi yenyewe, kurejesha taarifa iliyofifishwa na uchafu au mkwaruzo, na kukisia taarifa ambayo haisomeki tena. Vitendo hivyo huweza kutoa picha zinazofanana machoni, lakini havina uzito sawa wa ushahidi. Uchambuzi umeongozwa na kanuni ya Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, na mifano imechukuliwa kutoka mikusanyo miwili iliyoko Washington: picha za rangi za FSA na OWI katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mkusanyo wa Eliot Elisofon katika taasisi ya Smithsonian. Makala yanapendekeza utaratibu wa kazi unaoiwezesha picha iliyosafishwa kukaguliwa na mtafiti atakayekuja baadaye.

Istilahi muhimu: slaidi, vumbi, mkwaruzo, infraredi, Kodachrome, uhifadhi

1.0 Utangulizi

Slaidi ni kipande cha filamu chenye picha chanya, yaani picha ambayo mwanga na rangi zake hufuata zile za kitu kilichopigwa, tofauti na negativu ambayo huzigeuza. Kipande hicho huwekwa katika fremu ya karatasi ngumu, plastiki au kioo na kupitishwa kwenye projekta ili picha ionekane ukutani. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 slaidi zilitumika kufundishia historia ya sanaa, akiolojia, tiba na jiografia, na familia nyingi zilitunza kumbukumbu zao kwa njia hiyo hiyo.

Enzi hiyo imepita. Kodachrome, ambayo ni miongoni mwa filamu za slaidi zilizojulikana zaidi duniani, ilianza kupatikana kwa kamera za milimita 35 mwaka 1936. Kampuni ya Kodak ilitangaza kuacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha kibiashara, iliyoko Parsons katika jimbo la Kansas, ilifikia kikomo cha kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2010. Kwa hiyo slaidi za Kodachrome zilizomo makabatini leo ni akiba isiyoongezeka. Zaidi ya hayo, slaidi ya asili ndiyo filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera siku picha ilipopigwa. Hakuna negativu nyuma yake inayoweza kurejewa iwapo slaidi itaharibika.

Ni vema kubainisha mapema neno moja. Katika Kiswahili cha wapiga picha, "kusafisha filamu" ni kuipitisha filamu katika kemikali ili picha itokee. Baada ya skana kuenea, neno hilo hilo limeanza kutumika pia kwa kufuta madoa katika picha ya kidijitali. Katika makala haya maana ya kwanza itaitwa "kusafisha kwa kemikali". Maana ya pili ndiyo inayochunguzwa, na itadhihirika kwamba neno moja halitoshi kuibeba.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Fremu ya slaidi ya milimita 35 ina kimo cha milimita 24 na upana wa milimita 36. Skana inayosoma pikseli 4,000 kwa kila inchi huigawa fremu hiyo katika pikseli zipatazo milioni 21, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 6.35. Chembe ya vumbi yenye upana wa mikromita 50, ambayo jicho huiona kwa shida, hufunika pikseli 8 kwa upana na takribani pikseli 50 kwa eneo. Slaidi hiyo ilipotupwa ukutani kwa upana wa mita 1.8, yaani ilipokuzwa mara 50, chembe hiyo ilikuwa doa la milimita 2.5, na mwanafunzi aliyeketi nyuma ya ukumbi hakuiona. Mbele ya kompyuta, mtazamaji huikuza sehemu yoyote aipendayo, na doa lile lile humzuia kuona.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na kanuni iliyotokana na uhifadhi wa majengo. Mkataba wa Venice, uliopitishwa mwaka 1964 na wasanifu na wataalamu wa majengo ya kihistoria, unaeleza katika ibara yake ya 9 kwamba ukarabati hauna budi kukoma pale dhana inapoanza, na kwamba kazi yoyote ya ziada isiyoepukika itambulike kuwa ni ya wakati wa ukarabati. Mwaka mmoja kabla yake, Cesare Brandi, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi kuu ya uhifadhi ya Roma, alichapisha nadharia yake ya uhifadhi wa kazi za sanaa. Kwa mujibu wa Brandi, sehemu iliyojazwa katika mchoro ulioharibika isivuruge umoja wa mchoro ukitazamwa kwa mbali, lakini itambulike mtu anapousogelea. Wahifadhi wa Roma waliitekeleza kanuni hiyo kwa kuyajaza mapengo kwa mistari myembamba ya rangi iliyosimama wima, ambayo kwa mbali huungana na mchoro na kwa karibu hujitenga nao.

Inaweza kudaiwa kuwa kanuni hizo hazihusiani na faili la kidijitali, kwa sababu jengo ni moja ilhali faili linaweza kunakiliwa mara nyingi bila kupungua. Dai hilo lina nguvu endapo faili la awali linatunzwa. Katika kazi za kila siku mambo huwa tofauti: skana hupewa amri ya kusafisha wakati ikisoma, faili lisilosafishwa halihifadhiwi kabisa, na slaidi yenyewe huendelea kuchakaa. Slaidi za Ektachrome za miongo ya mwanzo hupoteza rangi hata zikiwa gizani. Kodachrome hudumu vema gizani lakini hupauka upesi ikitupwa ukutani mara kwa mara. Baada ya miaka kadhaa, faili lililosafishwa ndilo hubaki kuwa shahidi pekee.

Kutokana na kanuni hizo, maswali mawili yanaulizwa kwa kila mbinu inayojadiliwa hapa. Kwanza, je, taarifa inayoonekana katika picha iliyosafishwa ilikuwamo katika filamu? Pili, je, mtu mwingine anaweza kujua baadaye mahali ambapo picha ilibadilishwa?

3.0 Asili na Sura ya Kasoro

Kabla ya kuondoa doa ni lazima kujua lilipo. Madoa yanayofanana huweza kuwa na asili nne zilizo mbali mno, na kila asili ina tiba yake.

Asili ya kwanza ni uchafu ulio juu ya filamu: vumbi, nywele, nyuzi za karatasi ya fremu, au alama za vidole. Uchafu huu huzuia mwanga. Katika slaidi huonekana kama doa jeusi, na katika negativu, ambayo hugeuzwa baada ya kuskaniwa, huonekana kama doa jeupe. Tofauti hii ina manufaa. Doa jeupe lililo wazi katika slaidi kwa kawaida si vumbi. Ama rangi imekwanguka, ama ni kitu cheupe kilichokuwapo mbele ya kamera.

Asili ya pili ni mkwaruzo. Filamu ina pande mbili. Upande unaong'aa ni plastiki, na upande uliofifia ni jelatini yenye rangi. Mkwaruzo wa upande wa plastiki hauondoi rangi yoyote. Kingo zake hupindisha mwanga, na mstari mweusi hutokea. Mkwaruzo wa upande wa jelatini ni hasara halisi. Katika filamu za kawaida za slaidi tabaka la manjano liko juu, la majenta katikati, na la sayani chini karibu na plastiki. Mkwaruzo mwepesi huondoa manjano peke yake na kuacha mstari wa buluu. Ukizama zaidi huondoa na majenta, ukabaki mstari wa sayani. Ukifika kwenye plastiki, hubaki mstari mweupe. Rangi ya mkwaruzo, kwa hiyo, hueleza kina chake.

Asili ya tatu ni uchafu uliopigwa picha. Vumbi lililokuwa juu ya filamu ndani ya kamera huacha kivuli ambacho baada ya kusafishwa kwa kemikali huwa sehemu ya rangi. Vivyo hivyo, slaidi iliyonakiliwa kutoka slaidi nyingine hubeba ndani ya rangi zake vumbi na mikwaruzo ya slaidi mama. Madoa ya aina hii hayaondoki kwa brashi wala kwa kimiminika, kwa kuwa hapo hakuna kitu cha kuondoa. Yana thamani ya ushahidi pia: doa lililo ndani ya rangi huweza kumdokezea mchunguzi kwamba slaidi aliyoishika ni nakala.

Asili ya nne ni skana yenyewe. Kipimo chake ni rahisi. Slaidi huskaniwa, hugeuzwa nyuzi 180, kisha huskaniwa tena. Doa linalozunguka pamoja na picha liko katika slaidi, na lile linalobaki mahali pake liko katika kioo au lenzi ya skana.

4.0 Kuondoa: Kazi ya Mkono

Kitendo cha kwanza ndicho chenye uhakika mkubwa kuliko vyote. Chembe iliyopeperushwa kabla ya kuskani huifunua picha iliyokuwa chini yake, na hakuna dhana yoyote inayoingia. Utaratibu wake huanza na mbinu isiyogusa filamu na kuelekea kwenye zile zinazoigusa. Kwanza hutumika kipulizia cha mpira kinachobinywa kwa mkono. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa huepukwa, kwa sababu huweza kurusha kimiminika baridi juu ya filamu. Pili hutumika brashi laini sana isiyozalisha umeme tuli. Kitambaa kikavu hakifai: kusugua huipa filamu umeme tuli, nayo huvuta vumbi zaidi kuliko lililotolewa. Tatu, na iwapo tu kuna mafuta au alama za vidole, hutumika kimiminika maalumu cha filamu kisicho na maji, kwa kuanzia pembeni mwa fremu ambako madhara yakitokea hayatagusa picha.

Tahadhari juu ya maji ina uzito wa pekee kwa slaidi zilizokaa katika hali ya hewa ya joto na unyevu, kama ile ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Jelatini ni chakula cha kuvu, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hadi 65 kwa muda mrefu, kuvu huota juu yake kwa umbo la nyuzi zilizotawanyika kama mizizi. Kuvu hutoa vimeng'enya vinavyoifanya jelatini iyeyuke katika maji. Mtu anayefuta kuvu kwa pamba iliyoloa huweza kufuta picha pamoja nayo. Slaidi ya namna hii hutengwa na nyingine na kukaushwa taratibu, na ikiwa ina thamani kubwa huachiwa mhifadhi aliyepata mafunzo.

Fremu nayo huchangia uchafu. Karatasi ngumu huchanika pembeni na kuacha nyuzi ndani ya picha. Fremu ya vioo viwili huikinga filamu na vidole, lakini huongeza nyuso nne juu ya zile mbili za filamu, na kila uso ni mahali pa vumbi kutua. Kioo kikigusana na filamu huweza pia kuleta miviringo ya rangi mfano wa mafuta juu ya maji. Kwa sababu hizo, slaidi za vioo mara nyingi hutolewa ndani ya fremu zao kabla ya kuskaniwa, baada ya maandishi yote ya fremu kupigwa picha na kunakiliwa. Fremu iliyotupwa bila kunakiliwa ni hasara kubwa kuliko vumbi, kwani mara nyingi ndiyo yenye tarehe, mahali na majina.

Mikwaruzo ya upande wa plastiki ina tiba yake ya kimaumbile. Filamu ikizamishwa katika kimiminika ambacho hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha plastiki yake, kimiminika hujaza mtaro wa mkwaruzo na mwanga hupita kana kwamba mtaro haupo. Maabara za filamu za sinema zilitumia kanuni hiyo kwa miongo mingi zilipotoa nakala. Mwanga uliotawanywa, ambao hufika kwenye filamu kutoka pande nyingi, huleta faida kama hiyo kwa kiasi kidogo. Njia zote mbili huangukia katika kitendo cha kuondoa, maana skana huisoma picha iliyokuwapo.

5.0 Kurejesha: Ramani ya Infraredi

Chembe nyingine hukataa kutoka. Kwa hizo, wahandisi walibuni njia ya kuzitambua kwa mwanga usioonekana. Albert Edgar, aliyekuwa mhandisi wa IBM, alipata hataza ya Marekani kwa kanuni hiyo mwaka 1993. Baadaye teknolojia hiyo iliendelezwa kwa jina la Digital ICE na kampuni ya Applied Science Fiction ya Austin, Texas, ikaingizwa katika skana za filamu za Nikon mwishoni mwa miaka ya 1990. Kodak iliichukua kampuni hiyo mwaka 2003.

Kanuni yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Rangi tatu za filamu, yaani manjano, majenta na sayani, huzuia mwanga unaoonekana lakini katika filamu nyingi huupitisha mwanga wa infraredi. Filamu ikitazamwa kwa infraredi pekee, picha karibu itoweke, na filamu huonekana kama kioo cheupe. Vumbi, nywele na mikwaruzo huuzuia au kuutawanya mwanga wa infraredi kama unavyozuiwa mwanga mwingine. Kwa hiyo skana husoma slaidi mara nne: kwa nyekundu, kijani, buluu na infraredi. Usomaji wa nne huwa ramani ya kasoro, isiyochanganyika na kilichopigwa picha.

Hatua inayofuata ndiyo yenye umuhimu kwa hoja ya makala haya. Ikiwa ramani inaonyesha kuwa mahali fulani kasoro imezuia asilimia 30 ya infraredi, programu huweza kuchukulia kwamba mwanga unaoonekana nao umepungua kwa kiasi kinachokaribiana, na hivyo kuung'arisha kwa kadiri hiyo. Taarifa ya picha ilikuwamo chini ya kasoro, imefifia tu, na hesabu huirudisha. Hapo neno "kurejesha" linastahili. Lakini ikiwa kasoro imezuia karibu mwanga wote, hakuna cha kung'arisha. Programu huchukua pikseli za kandokando na kulijaza pengo kwa kuzifuata. Mashine ni ile ile, na kitufe ni kile kile, ilhali kitendo kimegeuka kuwa kukisia. Kwa kipimo cha Mkataba wa Venice, mstari wa dhana hupita ndani ya amri moja ya programu, na anayeibonyeza haoni mahali alipouvuka.

Ni dhahiri pia kwamba infraredi haiwezi kuyaona madoa ya asili ya tatu. Kivuli cha vumbi kilichomo ndani ya rangi hupitisha infraredi kama sehemu nyingine za picha. Udhaifu huo una faida yake, kwani doa linaloonekana katika rangi na lisiloonekana katika ramani ya infraredi hutambulika kuwa sehemu ya filamu yenyewe.

6.0 Pale Ramani Inapodanganya: Fedha na Kodachrome

Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haina rangi za kikemikali. Picha yake imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, na fedha huzuia infraredi. Kwa hiyo ramani ya infraredi huonyesha picha nzima kana kwamba yote ni uchafu, na programu ikiruhusiwa kuifuata huharibu maelezo ya picha. Ni filamu chache tu za nyeusi na nyeupe, zile zinazosafishwa kwa kemikali za filamu za rangi na kubaki bila fedha, ambazo huikubali mbinu hii.

Kodachrome ni tatizo lenye hila zaidi, kwa sababu ni filamu ya rangi na mtumiaji hutarajia mbinu ifanye kazi. Katika filamu nyingi za slaidi, viini vya rangi huwekwa ndani ya filamu kiwandani. Katika Kodachrome vilimo ndani ya kemikali za maabara, na rangi zilizotokea zilikuwa za aina tofauti. Rangi yake ya sayani huzuia sehemu ya infraredi, hususan katika maeneo ya giza nzito. Uso wa jelatini yake pia hauko sawa: ukiishika slaidi kwa kuinamisha mbele ya taa, picha huonekana kama imechongwa kidogo juu ya filamu. Matokeo ni kwamba kivuli kizito, ukingo wa paa au mwili wa garimoshi huweza kusomwa kama mkwaruzo, na programu ikalainisha maelezo yaliyo halisi.

Athari ya jambo hilo hueleweka vema kupitia mkusanyo unaojulikana duniani. Kati ya mwaka 1939 na 1944 wapiga picha wa idara mbili za serikali ya Marekani, FSA na OWI, walipiga takribani picha 1,600 za rangi kwa filamu ya Kodachrome. Miongoni mwao walikuwa Russell Lee, aliyepiga maisha ya wakulima wa Pie Town huko New Mexico mwaka 1940, na Jack Delano, aliyepiga yadi za reli za Chicago katika majira ya baridi ya mwaka 1942 na 1943. Picha hizo ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani na zimewekwa wazi kwa umma. Picha za Delano zina theluji, moshi, masizi na mvuke, yaani vitu ambavyo kwa maumbile yao ni vidoa vyepesi na mistari iliyofifia juu ya vyuma vyeusi. Kwa programu isiyoijua Kodachrome, mandhari ya namna hiyo ni mtego: maeneo ya giza huongeza makosa ya ramani, na maelezo yanayopotea ndiyo yanayoonyesha hali ya hewa na mazingira ya wafanyakazi wa reli.

Wahandisi walijibu tatizo hili kwa kulinganisha mikondo. Kwa kuwa sayani ndiyo inayotawala mkondo wa mwanga mwekundu, mkondo huo unaweza kubashiri kiasi cha infraredi kitakachozuiwa na rangi, na kiasi hicho kikaondolewa kwenye ramani ili kibaki kivuli cha uchafu peke yake. Skana ya Nikon Super Coolscan 9000 ilikuja na toleo la Digital ICE lililoboreshwa kwa ajili ya Kodachrome, na programu ya SilverFast ya Ujerumani nayo ina mpangilio wake. Matokeo ni bora zaidi, lakini hayaondoi ulazima wa kuikagua kila picha kwa jicho.

7.0 Kukisia: Programu Isiyo na Ramani

Pale ambapo infraredi haipo, programu za kuhariri picha hutumia picha yenyewe kutafuta uchafu. Mbinu ya kawaida ni ya thamani ya katikati. Programu hutazama pikseli moja na majirani zake, hupanga thamani zao kuanzia giza hadi mwanga, kisha huchukua iliyo katikati. Kwa mfano, pikseli tisa zenye thamani 176, 178, 179, 181, 30, 183, 184, 185 na 187 zina doa moja jeusi la thamani 30. Zikipangwa, ya katikati ni 181, na doa hutoweka bila kuacha alama. Mtumiaji huchagua upana wa eneo linalotazamwa, pamoja na kizingiti ambacho tofauti ikiwa chini yake pikseli haiguswi.

Kasoro ya mbinu hii ni kwamba haijui vumbi ni nini. Inajua ukubwa na tofauti ya mwanga, basi. Kitu chochote chenye ukubwa wa vumbi na weusi wa vumbi hufutwa. Mfano unaofaa ni mkusanyo wa Eliot Elisofon, mpiga picha Mmarekani aliyesafiri mara kadhaa katika Kongo kuanzia mwaka 1947 na kufariki mwaka 1973, ambaye makumi ya maelfu ya negativu na slaidi zake sasa ziko Smithsonian. Miongoni mwa picha zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimo zile za mfalme wa Wakuba, Kot a Mbweeky III, akiwa katika vazi rasmi la enzi huko Mushenge. Vazi la mfalme wa Wakuba hupambwa kwa shanga na kauri nyingi.

Tuseme mtu mwenye kimo cha mita 1.7 amejaza milimita 20 za slaidi. Kila kitu mwilini mwake kimepunguzwa mara 85. Shanga yenye upana wa milimita 4 itakuwa na mikromita 47 juu ya filamu, yaani sawa na pikseli 7 hivi. Huo ni ukubwa ule ule wa chembe ya vumbi iliyotajwa katika utangulizi. Mpangilio wa programu unaotosha kuondoa vumbi hilo utatosha pia kuondoa shanga nyeusi iliyozungukwa na kauri nyeupe. Kwa mtazamaji wa kawaida picha imependeza. Kwa mtafiti anayehesabu shanga ili kulinganisha mapambo, au kwa Mkuba anayetafuta nakshi ya ukoo wake, ushahidi umebadilishwa na hakuna dalili ya kumwonya.

Programu mpya zinazotumia akili unde zimeongeza uzito wa tatizo. Kwa kuwa zimefunzwa kwa picha nyingi, hujaza pengo kwa umbile linaloelekea kuwa la kweli: nyuzi za kitambaa, majani, ngozi. Pengo lililojazwa kwa ukungu hujifichua lenyewe, ilhali lililojazwa kwa shanga ambazo hazikuwapo halijifichui. Kwa kipimo cha Brandi, ujazaji huu hukidhi sharti la kwanza, kutovuruga umoja wa picha, na hulivunja la pili, la kutambulika kwa karibu.

8.0 Mapendekezo ya Utaratibu wa Kazi

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza hatua zifuatazo kwa maktaba, makumbusho, idara za vyuo na familia zinazoskani slaidi:

(i) Uchafu uondolewe kwa mkono kwanza, kwa kadiri slaidi inavyoweza kustahimili. Dakika moja ya kipulizia huokoa dakika nyingi za programu na haiongezi dhana.

(ii) Aina ya filamu itambuliwe kabla ya kuchagua mpangilio wa skana. Jina la Kodachrome mara nyingi limechapishwa kwenye fremu, na umbile lake la kuchongwa huonekana kwa kuinamisha filamu.

(iii) Faili la kwanza litunzwe bila kusafishwa, likiwa na mkondo wa infraredi ndani yake. Programu za VueScan na SilverFast huweza kuhifadhi mikondo yote minne. Kwa pikseli milioni 21.4 zenye biti 16 kwa kila mkondo, faili la mikondo mitatu lina ukubwa wa takribani megabaiti 129, na la mikondo minne megabaiti 171. Gharama ya kuitunza ramani ya kasoro, kwa hiyo, ni megabaiti 43 hivi kwa slaidi moja.

(iv) Picha iliyosafishwa iwe faili la pili lenye jina linaloitofautisha, na maelezo yake yataje programu, mpangilio na sehemu zilizojazwa kwa mkono.

(v) Madoa yaliyomo ndani ya rangi yasifutwe katika faili la ushahidi, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya slaidi.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Ramani ya infraredi huonyesha kila pikseli iliyofunikwa na uchafu siku slaidi iliposkaniwa. Mtafiti akiwa nayo anaweza kuiweka juu ya picha iliyosafishwa na kuona papo hapo pale ambapo picha ni ushahidi na pale ambapo ni dhana. Inafanya kazi ile ile iliyofanywa na mistari ya rangi ya wahifadhi wa Roma: picha inatazamika kwa umoja wake, na ujazaji unatambulika kwa anayetaka kusogea.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kusafisha vumbi na mikwaruzo ni vitendo vitatu vyenye daraja tofauti. Kuondoa huifunua picha iliyokuwapo. Kurejesha hupandisha taarifa iliyofifia kwa hesabu inayoweza kuelezwa na kurudiwa. Kukisia huweka kitu kipya mahali palipo patupu. Hakuna kosa kukisia pale picha inapotakiwa kutundikwa sebuleni au kupamba jalada la kitabu. Kosa hutokea dhana inapohifadhiwa kwa jina la ushahidi, kwa kuwa filamu itapauka, wanaowafahamu watu waliomo pichani watapungua, na wajukuu hawatakuwa na njia ya kujua kama alama ndogo iliyofutwa ilikuwa vumbi au ilikuwa shanga. Faili lisilosafishwa, pamoja na mkondo wake wa nne, huwaachia nafasi ya kuamua wenyewe.